Dola za Fedha za Marekani za Zamani: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku

Nimeamua kuyaandika haya sehemu moja sababu wadau wananiuliza mambo yaleyale kila wiki. Mie nakusanya hizi dola mwaka wa kumi na mbili sasa, niko huku Marekani lakini nimekulia Unguja, na nimeona watu wetu wengi wakipigwa hela kwa kukosa tu mtu wa kuwaeleza kwa Kiswahili. Jambo moja kabla hatujaanza: kwenye lugha yetu fedha ni madini na fedha ni pesa, sasa hapa nikisema fedha namaanisha madini, ile ya kutumia nitaita hela.

Hizi dola za fedha ni zipi hasa?

Ni sarafu kubwa za dola moja zilizochapwa kwa fedha ya kweli, za kwanza 1794 na za mwisho za kutumika mtaani 1935. Nyingi utakazokutana nazo zina fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10, uzito gramu 26.73, upana milimita 38.1, yani ukiwekewa kiganjani unaisikia kabisa kuwa hii ni hela ya watu wa zamani.

Aina ni kadhaa. Zile za mwanzo kabisa zina mwanamke mwenye nywele zinazopepea, afu zipo za mwanamke aliyeketi ameshika ngao (1840 mpaka 1873), ipo dola ya biashara iliyoanza 1873, ipo Morgan (1878 mpaka 1904, kisha 1921) na ipo dola ya Amani (1921 mpaka 1928, kisha 1934 na 1935). Dola ya 1794 moja iliuzwa mnadani Januari 2013 kwa zaidi ya dola milioni 10, kwa hiyo hiyo tuiache ikae ilipo. Sisi huku chini mchezo wetu ni Morgan na Amani.

Naanza, ninunue Morgan au Amani?

Mie ningekwambia anza na Morgan, na sababu ni kwamba ina mengi ya kujifunza. Jina linatokana na mchongaji wake George T. Morgan, Mwingereza aliyekuja kufanya kazi kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, na sura iliyoko pale ni ya mwalimu wa Philadelphia aitwaye Anna Williams ambaye alikubali kukaa achorwe. Zilianza kuchapwa kwa wingi sababu mwaka 1878 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuilazimisha Hazina inunue fedha ya dola milioni 2 mpaka 4 kila mwezi, wenye migodi ya magharibi walikuwa wanataka soko, basi dola zikachapwa mamilioni kwa mamilioni wakati raia wenyewe wala hawakuzitaka sana mfukoni, nzito. Zikaishia kulala kwenye magunia ya Hazina. Ndo maana leo unaweza kupata dola ya miaka 140 inang'aa kama imetoka kiwandani jana, na kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu.

Dola ya Amani ilichapwa kukumbuka amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aliyeichora ni Anthony de Francisci na akamtumia mkewe Teresa kama mfano wa sura. Ni nzuri, na seti yake ni fupi, mtu mvumilivu anaikamilisha. Zile za 1921 mchoro wake umeinuka sana na zilichapwa milioni 1 na kidogo tu, ya 1928 ya Philadelphia ni 360,649, hizo mbili ndo zitakusumbua. Zingine utazipata.

Ukiwa na bajeti ndogo, chukua Morgan moja safi ya 1881 yenye herufi S. San Francisco mwaka ule walichapa vizuri mno, nywele zimechongeka vizuri, kifua cha tai kina manyoya yote. Hiyo moja ikae mezani kwako uitazame kila siku mpaka jicho lizoee dola nzuri inafananaje. Hicho ni kipimo chako, utakibeba kichwani kila utakapokwenda kununua.

Herufi ya kiwanda naitafuta wapi?

Morgan igeuze upande wa tai, angalia chini ya fundo la shada la majani, juu kidogo ya neno DOLLAR. Dola ya Amani ni upande wa tai vilevile, chini ya neno ONE. S ni San Francisco, O ni New Orleans, CC ni Carson City, D ni Denver (kwa Morgan ni ya 1921 tu). Kama hakuna herufi ni Philadelphia, watu wengi wanadhani imefutika, hapana, haikuwepo.

Mbona dola iliyochapwa chache inauzwa rahisi kuliko iliyochapwa nyingi? Wananidanganya?

Hawakudanganyi, na hili swali nalipenda kuliko yote. Idadi iliyochapwa ni jambo moja, idadi iliyobaki ni jambo jingine.

Mwaka 1918 ilipita sheria ya kuyeyusha dola, zikayeyushwa zaidi ya milioni 270, fedha yake nyingi ikauzwa kwa Waingereza wakaipeleka India wakati wa vita kushikilia rupia, ndo hizohizo rupia za India zilizokuwa zikizunguka mpaka huku kwetu pwani. Na walipoyeyusha hawakuandika ni za mwaka gani na za kiwanda kipi, walimwaga magunia tu. Kwa hiyo kitabu kinakwambia zilichapwa milioni kadhaa, lakini hakuna anayejua zimebaki ngapi.

Afu upande mwingine kuna magunia yaliyosahaulika. Mfano 1903-O, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa inaonekana adimu sana, kitabu cha bei kilikuwa kinaandika dola 1,500 kwa iliyo safi, ikafika 1962 Hazina wakafungua magunia yaliyokuwa yamefungiwa, kumbe yamejaa 1903-O tupu. Bei ikaanguka chini, fikiria aliyeinunua mwezi mmoja kabla. Carson City ni hivohivo, 1884-CC zilichapwa 1,136,000 na zaidi ya 960,000 zilikuwa bado ziko Hazina hazijaguswa, serikali ikaziuza kwa wananchi miaka ya 1970 mpaka 1980 ndani ya vikasha vigumu vya plastiki. Ndo maana CC ya 1884 safi inapatikana, tena ukiiona kwenye kikasha chake cha serikali usiitoe.

Sasa geuza. 1884-S zilichapwa milioni 3.2, nyingi kabisa, lakini hizo ziliingia mtaani zikatumika. Iliyochakaa utainunua bila shida, ila iliyo safi haijatumika ni hela ndefu kwelikweli. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ilichapwa laki mbili tu, ni dili", muulize zimebaki ngapi na katika hali gani.

Ni kweli Sultani wetu alipewa dola ya 1804?

Kweli, na hili ndo lililonifanya nianze kukusanya.

Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alisaini mkataba wa biashara Maskati na Seyyid Said bin Sultan, huyuhuyu aliyehamishia makao yake Unguja na kusukuma watu wapande mikarafuu. Wamarekani wa Salem, Massachusetts, walikuwa tayari wanakuja pwani kununua pembe na gundi na kuuza kitambaa, ile merikani bibi zetu wanayoijua, kwa hiyo Rais Andrew Jackson alitaka mambo yawe kwa maandishi. Roberts ilibidi arudi na mkataba uliothibitishwa pamoja na zawadi, na moja ya zawadi ilikuwa seti kamili ya sarafu za Marekani.

Hapo ndo kwenye utamu. Kiwanda cha Philadelphia kiliambiwa 1834 kitengeneze kila sarafu inayotambulika. Dola za fedha zilikuwa hazichapwi miaka mingi, wakaangalia daftari wakaona za mwisho zimeandikwa mwaka 1804, basi wakachonga muhuri mpya wa 1804. Wasilojua ni kwamba zile dola 19,570 zilizoingizwa daftarini 1804 zilikuwa zimechapwa kwa mihuri ya miaka ya nyuma, hakuna hata moja iliyokuwa na tarehe 1804. Yani dola ya 1804 imezaliwa 1834, na aliyopelekewa Seyyid Said ilifika Maskati Oktoba 1835, safari yenyewe meli ya Peacock ilikwama pale kisiwa cha Masirah kabla hawajafika. Kutoka hapo Roberts akaenda Siam (Thailand ya leo) kwa mfalme na seti nyingine, afu akafariki Macao 1836.

Zinazojulikana duniani leo ni 16 tu. Nane ni za awamu ile ya kwanza, nane zilitengenezwa baadaye hukohuko kiwandani kwa ajili ya wakusanyaji. Ile inayoaminika kuwa ya Seyyid Said iliuzwa 1999 kwa dola milioni 4.14, ikauzwa tena Agosti 2021 kwa milioni 7.68. Wakusanyaji wa hapa wanaiita dola ya Sultani wa Maskati, wengi wao hawajui hata kuwa huyo Sultani ndo wa Unguja. Mie kila nikipata nafasi nawaambia.

Babu aliacha dola ya 1804, tumetajirika?

Pole ndugu, zote 16 zinajulikana ziko wapi au zilipita mikono ya nani. Yenye tarehe 1804 inayotoka sandukuni ni ya kuigiza, zimetengenezwa nyingi mno na zinauzwa kwenye vibanda vya watalii. Ipime uzito, utaona mwenyewe.

Na ile riali yenye mwanamke kifua kipana, imeandikwa 1780?

Hiyo sio ya Marekani, ni riali ya Maria Theresa wa Austria. Ndo iliyokuwa inatumika zaidi pwani yetu na Uarabuni na Uhabeshi. Ina gramu 28.07 na fedha asilimia 83 hivi. Mwaka 1780 ndo aliofariki malkia, na zimeendelea kuchapwa na tarehe hiyohiyo mpaka leo, kwa hiyo tarehe pekee haikwambii umri. Ni fedha ya kweli, itunze, nyingi ziligeuzwa vikuku na mikufu kwa hiyo angalia kama ukingoni haijalehemiwa. Ila dola ya Marekani lazima iwe na maneno UNITED STATES OF AMERICA, hakuna mjadala hapo.

Imekuwa nyeusi, niisafishe kwa kitu gani?

Usiisafishe. Sio kwa dawa ya meno, sio kwa ndimu, sio kwa magadi, sio kwa ile dawa ya sonara, sio kwa kitambaa laini cha miwani.

Nakwambia hivi sababu mie nilifanya. Dola yangu ya kwanza ilikuwa 1883-O, ilikuwa na rangi ya kahawia pembeni ikielekea dhahabu katikati, mie nikaona uchafu. Nikachukua dawa ya meno na kidole, nikasugua taratibu, ikatoka nyeupe pe, nikafurahi nikaipeleka kwa muuzaji mmoja mzee anitathminie. Akaishika ukingoni, akaiweka chini ya taa akaiinamisha polepole bila kusema neno, afu akanipa lenzi nitazame mwenyewe. Shavuni kwa yule mwanamke kulikuwa na mikwaruzo midogomidogo mamia, yote inakwenda kwa mduara, mduara wa kidole changu. Akaniambia ilikuwa dola nzuri. Bado ninayo, sitaiuza.

Elewa kinachotokea. Dola inapochapwa fedha inasukumwa kutoka katikati kwenda nje, inaacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa jicho, na mistari hiyo ndo inayofanya mwanga uzunguke. Ishike chini ya balbu uizungushe, utaona miale inatembea kama spoku za baiskeli. Ukisugua unaiondoa hiyo mistari, na ikishaondoka hairudi, dola itang'aa lakini mng'ao wake ni wa sufuria, miale haitembei. Ule weusi na rangi zingine ni fedha kukutana na salfa ya hewani, na rangi nzuri za bluu na zambarau na dhahabu zilizokuja zenyewe watu wanazilipia zaidi.

Kitu kimoja tu kinaruhusiwa, kama ina utando wa kijani unaonata, huo ni wa plastiki mbaya, itumbukize kwenye asetoni safi (sio ya kucha yenye rangi na manukato), usisugue, itoe uiache ikauke. Fanya nje, mbali na moto.

Gredi 63, 65, hizi namba ni nini?

Ni kipimo cha hali ya sarafu, kuanzia 1 mpaka 70. Kuanzia 60 kwenda juu ni ambazo hazijatumika. Kampuni kubwa ni PCGS iliyoanza 1986 na NGC ya 1987, unawapelekea wanaikagua, wanaifungia kwenye kasha la plastiki lenye namba. Tofauti ya gredi moja inaweza kuzidisha bei mara mbili au zaidi kwa baadhi ya miaka, kwa hiyo jifunze mwenyewe kusoma. Kwenye Morgan anzia nywele za juu ya sikio na manyoya ya kifua cha tai, ndo sehemu zinazolika kwanza. Zikiwa bapa na mng'ao haupo, imetumika. Zikiwa bapa lakini miale bado inatembea juu yake, hapo ni kiwanda kilichapa dhaifu, New Orleans walikuwa na ugonjwa huo. Mikwaruzo shavuni ni kawaida, dola zilikuwa zinagongana magunini, gunia moja dola elfu.

Feki nazijuaje?

Feki zimejaa, sitaki kukutisha lakini zimejaa, hasa mtandaoni na kwenye magulio, na nyingine zimetengenezwa vizuri. Fuata hivi.

Kwanza mizani ya sonara inayosoma tarakimu mbili baada ya nukta. Gramu 26.73, iliyochakaa inapungua kidogo, lakini ikisoma 22 au 24 rudisha. Pili sumaku, fedha haivutwi. Tatu maji, na hii ndo naiamini zaidi kwa nyumbani: weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza sifuri, afu ining'inize dola kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani inatakiwa isome gramu 2.6 hivi. Ikisoma 3 ujue humo ndani kuna shaba au mchanganyiko mwingine hata kama uzito wake hewani uko sawa. Ukimaliza ikaushe kwa kuigandamiza kwenye taulo, usiipanguse.

Nne, tarehe. Carson City hawakuchapa Morgan 1886, 1887 wala 1888, kwa hiyo ukiletewa 1887-CC usihangaike na mizani. Dola ya biashara kabla ya 1873 haipo.

Ngumu zaidi ni dola ya kweli iliyobandikwa herufi ya uongo. 1893-S ndo mfalme wa hapo, zilichapwa laki moja tu, hata iliyochakaa ni maelfu ya dola, basi wajanja wanachukua ya 1893 ya Philadelphia wanaitia S. Za kweli zote upande wa sura zilitoka muhuri mmoja na zina kamstari kadogo ka mshazari juu ya herufi T kwenye LIBERTY. Tazama kwa lenzi. Na hata ukikiona, kwa bei ile nunua tu iliyokaguliwa, tena ile namba ya kasha iingize kwenye tovuti ya kampuni yenyewe ulinganishe picha, sababu siku hizi na makasha wanafoji.

Dola yangu ina vimuhuri vya Kichina, imeharibiwa?

Hiyo itakuwa dola ya biashara, ilitengenezwa mahsusi kwa soko la China, nzito kidogo, gramu 27.2, na imeandikwa uzito wake palepale. Wafanyabiashara wa kule walikuwa wakishaipima wanaigonga muhuri wao kuthibitisha ni fedha nzuri. Kuna wanaozipenda hivohivo, mie mmojawapo. Ila aina hii ndo inayofojiwa kuliko zote, ipime kabla hujaipenda.

Nina dola yenye sura ya Rais Eisenhower, ya 1972, ni fedha?

Pengine sio. Nyingi ni shaba na nikeli. Zipo zenye fedha asilimia 40, zina herufi S lakini sio kila S. Mizani itakwambia: fedha ni gramu 24.59, ya kawaida ni 22.68.

Nazitunzaje huku Dar, Mombasa, joto na chumvi yote hii?

Unyevu ndo adui. Weka kila dola kwenye kikasha chake kigumu cha plastiki, achana na vile vifuko laini vinavyonuka kama pazia jipya la bafuni, ndo vinavyoleta ule utando wa kijani. Zote ziingie kwenye boksi linaloziba vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, vibadilishe kila baada ya miezi michache. Usitumie mpira wa kufungia noti, usifunge kwa gazeti, vyote vina salfa. Na ushike ukingoni siku zote, chini weka taulo, dola ikianguka kwenye sakafu ya saruji inapata jeraha ukingoni ambalo halitibiki.

Nikitaka kuuza, bei ya chini kabisa ni ipi?

Ndani ya Morgan au Amani kuna aunsi 0.7734 ya fedha. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo, kama aunsi ni dola 30 basi fedha tupu ni dola 23.20. Anayekupa chini sana ya hapo kwa dola halisi mwache aende zake. Ila kabla hujauza kwa uzito angalia mwaka na herufi kwanza, mama mmoja mtu wetu aliniletea dola saba za mwajiri wake wa zamani, alishakubaliana na mtu kuziuza kwa gramu, moja ikawa 1889-CC. Imechakaa, imelika nywele zote, lakini CC ile palepale chini ya shada inasomeka. Tukaipeleka ikaguliwe, ikarudi kwenye kasha ikiwa ya kweli. Zile sita kaziuza kwa uzito, hiyo moja anasema ni ya ada ya mjukuu, haigusi mpaka mtoto afike chuo.